Lady Bruton wa Mrs Dalloway: mama mwenye nguvu zote zile anashindwaje kuandika barua moja ya gazeti?

#1 Mpiga Makasia
Heshima kwenu wakuu. Juzi nimemaliza Mrs Dalloway ya Virginia Woolf, ile ya 1925, nimeirudia mara ya pili, na safari hii sikukwama kwa Clarissa (ndiye Mrs Dalloway mwenyewe) wala kwa yule askari Septimus, nimekwama kwa mama mmoja anayetokea kurasa chache tu katikati halafu anaonekana tena kidogo usiku kwenye karamu. Lady Bruton. Miaka 62, anakaa Brook Street, Mayfair, mtaa wa wakubwa London, ukoo wake wote majenerali na maadmirali na watawala. Mwandishi anatuambia kwamba kama kuna mwanamke angefaa kuvaa kofia ya chuma na kuongoza vikosi basi ni huyu, na kwamba wakati wa vita aliandaa msafara mzima wa kwenda Afrika Kusini.

Sasa mama huyo huyo ana wazo lake moja analolipenda kama roho, kuwahamishia Canada vijana wa kiume na wa kike wa familia za heshima wakaanze maisha. Anataka kuandika barua The Times. Asubuhi nzima anaandika anachana, anaandika anachana, mpaka anajiona si kitu KWA SABABU ni mwanamke, na kitabu kinasema hakuna jambo lingine linalomfanya ajisikie hivyo. Inabidi aite wanaume wawili chakula cha mchana, Richard Dalloway mbunge, mume wa Clarissa, na Hugh Whitbread rafiki yao wa zamani, ndo Hugh anatoa kalamu yake ya fedha aliyoitumia miaka 20 anamwandikia.

Swali langu: kwa nini? Msafara umeweza, barua imekushinda? Mimi naona ni elimu alinyimwa, basi. Ila sijaridhika na jibu langu mwenyewe, karibuni.

#2 kidole_juu
Naweka mkeka hapa.

#3 Ndimu Kali
Mkuu umeanza na jibu halafu unauliza swali. Elimu gani? Mtu anayeandaa msafara anaandika barua mia, za meli, za chakula, za vibali. Kuandika anajua. Kilichomshinda ni kwamba hana hoja. Soma vizuri, pale pale mwandishi anasema alikuwa anatia chumvi, na labda ameshapoteza kipimo, yani lile wazo la uhamiaji limemkaa mpaka uhamiaji wenyewe umekuwa Lady Bruton kwa sehemu kubwa. Mtu wa namna hiyo ukimpa kalamu anaandika nini? Anaweza kuagiza tu, kueleza hawezi. Kuna watu wengi hivyo, akisimama mbele za watu mtamfuata mpaka motoni, mwambie akueleze kwa nini tunaenda motoni, hana.

#4 Mwalimu wa Zamu
Asante kwa uzi mzuri, lakini Ndimu, hilo la kupoteza kipimo usilipite haraka. Neno "kipimo" kwenye kitabu hiki lina mwenyewe. Ni neno la Sir William Bradshaw, yule daktari bingwa wa Harley Street anayeitumikia "proportion" kama mungu wake, na ndiye anayetaka kumfungia Septimus kwenye nyumba ya mapumziko mpaka kijana anajirusha dirishani. Kwa hiyo mwandishi akisema Lady Bruton labda amepoteza kipimo, mimi siyasomi kama matusi. Anamweka upande mmoja na Septimus kwa sekunde moja. Tofauti ni kwamba yeye ana nyumba Mayfair, hakuna daktari wa kumwambia akapumzike kwa lazima.

#5 Nyaraka
Habari za jioni. Nimekuwa katibu muhtasi miaka 31, nimestaafu, naomba niseme la ofisini.

Bosi wangu wa pili alikuwa mama. Mama mkali, mchapakazi, anajua idara yake mpaka misumari. Ukimwambia kesho kuna kikao cha watu 200 anakuandalia bila karatasi. Lakini barua ya kwenda juu kwa wakubwa ilikuwa inamtoa jasho. Ananiita, "andika", nachukua hati mkato, anasema sentensi moja, anafuta, anasimama dirishani, anarudi, "soma", namsomea, "hapana siyo hivyo". Saa tatu mpaka saa sita. Mwisho ananiambia nenda kamwite fulani wa chumba cha pili. Yule fulani anakuja na tai yake, dakika kumi barua imetoka, imejaa "kwa heshima na taadhima" na "rejea barua yako kumbukumbu namba". Yule bwana kazi za idara hajui. Ila alikuwa anajua barua wakubwa wanataka isikikeje.

Nilipofika pale Hugh anapoandika taratibu na kuchora herufi kubwa zenye duara pembeni, nilicheka peke yangu sebuleni kisha nikakasirika. Ndo yule yule.

#6 Mpiga Makasia
Nyaraka umeniua. Na kumbuka akishamaliza, Hugh anasoma kwa sauti, na Lady Bruton anajiuliza moyoni kama kweli maana yake yeye inaweza kusikika hivyo. Hapo ndo pa kukaa. Kwamba ni mawazo yake lakini kwenye mdomo wa Hugh yamekuwa mageni.

#7 Chuma cha Reli
Mnamuonea huruma mwanamke wa kikoloni mpaka nashangaa. Huyu mama kwenye kitabu anaipenda ile nchi yake kiasi kwamba hata akifa hawezi kukaa mahali bendera ya Uingereza haipepei, yani hata ahera awe Mwingereza, kuwa kitu kingine haiwezekani kabisa. Na kwenye karamu anamshika Peter Walsh, yule aliyewahi kumtaka Clarissa, aliyerudi kutoka India anataka maoni yake, kwamba hali ya India inamnyima usingizi. Sasa mwandishi kumnyima maneno ni hukumu. Ufalme hauna hoja, una bunduki na bahasha. Nadhani Woolf alijua anachofanya, mume wake Leonard alikuwa ofisa wa ukoloni Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1904 mpaka 1911 akaacha kazi, na 1920 akatoa kitabu kizima cha kupinga unyonyaji wa mataifa ya Ulaya Afrika, Empire and Commerce in Africa, na sisi wa huku tumo, Zanzibar imo, Uganda imo. Virginia alimsaidia utafiti. Kwa hiyo usiniambie alimwandika Lady Bruton kwa bahati mbaya.

#8 Bi Mkubwa wa Kisauni
Chuma mwanangu, hukumu sikatai, lakini hukumu haimzuii mtu kuwa mtu. Akishaondoka Richard na Hugh yule mama anajilaza kochini, usingizi unamchukua, anaota yuko Devon, utotoni, anaruka vijito juu ya farasi wake mdogo Patty, na kaka zake Mortimer na Tom. Hapo hakuna bendera. Mtoto wa kike aliyekuwa sawa na kaka zake mpaka siku moja hakuwa sawa tena. Mimi naliona hapo jibu lote. Hiyo siku moja ndo imemchukua kalamu.

#9 Ndimu Kali
Bi Mkubwa shikamoo. Ila hapo hapo kochini mkono wake umekunjika kana kwamba umeshika fimbo ya ujemadari anapeleka vikosi Canada. Usichukue farasi ukaacha fimbo.

#10 Bi Mkubwa wa Kisauni
Marahaba. Vyote nachukua, mwanangu, mkono ni mmoja.

#11 kidole_juu
Swali la mtu asiyemaliza kitabu: Lady Bruton siyo yule shangazi yake Clarissa mwenye jicho la kioo?

#12 Mwalimu wa Zamu
Hapana. Huyo ni Miss Helena Parry, mambo yake ni maua ya okidi ya Burma, na Peter alidhani ameshakufa kumbe yupo karamuni. Lady Bruton hana undugu na Clarissa. Tena ugomvi wao unaanza asubuhi: Clarissa anarudi na maua, anakuta kwenye kijitabu cha simu ujumbe kwamba Lady Bruton anamwalika Bwana Dalloway chakula cha mchana. Bwana peke yake. Anatikisika kama mmea uliopigwa na kasia mtoni. Na uzi huu umeruka hilo. Kwa nini amwalike Richard amwache mkewe?

#13 Ndimu Kali
Kwa sababu alitaka kazi ifanyike. Kitabu kinasema anapenda siasa kuliko watu na anaongea kama mwanaume. Wake za watu wanampotezea muda.

#14 Shangazi Leicester
Siyo kupoteza muda, ni woga. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee huku Uingereza mwaka wa 14 huu, nimewauguza kina mama wa tabaka hilo au wa karibu yake, waliozaliwa wakati ule wa vita vya pili. Nilikuwa na mmoja, siwezi kumtaja, baba yake alikuwa mkubwa jeshini. Kila asubuhi lazima avae mkufu wake wa lulu hata kama haendi popote. Aliamrisha nyumba nzima ya wazee kutoka kwenye kiti, chai saa ngapi, pazia lifunguliwe vipi, na tulimtii, hata meneja. Lakini kadi ya siku ya kuzaliwa ya mjukuu wake alikaa nayo siku nne mapajani. Nne! Peni mkononi. Mwisho akaniambia "wewe andika, wewe unajua mambo ya kusema". Mimi! Kiingereza changu cha kuokoteza. Nikamuuliza unataka nimwambie nini, akasema mwambie ajitahidi. Nikaandika bibi yako anakupenda. Akaisoma, akakaa kimya muda mrefu, akaweka sahihi.

Kwa hiyo mimi nasema hawa watu walifundishwa kuamrisha tangu wadogo na hakuna aliyewafundisha kusema kinachowauma. Lady Bruton angekaa mezani na Clarissa angelazimika kuongea. Na wanaume anaongea Canada.

#15 Nyaraka
Shangazi hiyo kadi imenitoa machozi.

#16 Mto Yala
Sasa wacha nilete kitu ya nyumbani kidogo, na ni kitu ya ukweli. Watu wanasoma hiyo mambo ya Canada wanafikiri ni wazimu wa mama mmoja. Zii. 1922 bunge lao lilipitisha sheria ya kusaidia Waingereza kuhamia koloni, Empire Settlement Act, serikali ikaruhusiwa kutumia mpaka pauni milioni 3 kwa mwaka. Sensa ya 1921 ilionyesha wanawake wamezidi wanaume kwa karibu milioni 1.7 Uingereza na Wales, magazeti yakawa yanapiga kelele wanawake wa ziada wapelekwe wapi. Na kabla ya hapo, 1919, Kenya tulikuwa na ile mpango ya askari walowezi, waliotoka vitani wakagawiwa mashamba kwa bahati nasibu, Nairobi na London. Hizo shamba hazikuwa hewani. Sehemu ya ardhi ya Wanandi ilienda hapo, na upande wa mama yangu ni Nandi, nimeskia hiyo story tangu niko mtoto, nyanya akionyesha kidole ng'ambo ya mto, "kule ndio tulikuwa tunachunga".

So mimi nikisoma Lady Bruton na karatasi yake, sioni barua imemshinda. Naona barua yenye kama ingefaulu kuna mtu mahali angeamka apate shamba lake limepewa kijana wa familia ya heshima. Hugh akichukua kalamu natetemeka.

#17 Chuma cha Reli
Mto Yala nakupa tano. Na weka tarehe vizuri: riwaya ni siku moja ya Juni 1923. Mwezi unaofuata, Julai 1923, ndo serikali ya Uingereza ikatoa ile hati ya Devonshire kuhusu Kenya, Wahindi na walowezi walipokuwa wanagombania nani atawale, na hati ikasema maslahi ya Waafrika ndo ya kwanza (kwa karatasi). Wajumbe wa walowezi walikuwa London miezi hiyo hiyo wanazunguka kutafuta watu wa kuwasikiliza. Nyumba za Mayfair, chakula cha mchana. Lady Bruton ni wa kubuni lakini meza yake haikubuniwa.

#18 Mpiga Makasia
Hii sikuijua kabisa. Meza yenyewe mwandishi ameieleza kama uchawi, wale watumishi wa kofia nyeupe wanaingia kimya, glasi na fedha vinajipanga vyenyewe, samaki kwenye krimu, kuku, kama vile hakuna aliyelipa. Mto Yala umenifanya nijiulize nani alilipa.

#19 Ndimu Kali
Jamani Canada si Kenya. Tusichanganye.

#20 Mto Yala
Hata Canada ilikuwa na wenyewe.

#21 Muscat Usiku
Salaam. Mimi napinga wote mnaosema "mwanamke hakuweza kuandika gazetini". Flora Shaw je? Huyu alikuwa mhariri wa mambo ya makoloni wa The Times hiyo hiyo, miaka ya 1890, na jina la Nigeria alilipendekeza yeye kwenye gazeti hilo 1897. Mwaka huo huo aliitwa mbele ya kamati ya bunge kuulizwa anajua nini kuhusu uvamizi wa Jameson kule Transvaal, ule wa kutaka kuipindua serikali ya Makaburu. 1902 akaolewa na Lugard, yule yule aliyejenga ngome Kampala 1890 na kupigana Mengo 1892. Akawa Lady Lugard. Sasa Lady Bruton naye kitabu kinasema alikuwa na mkono kwenye njama fulani ya miaka ya themanini ambayo sasa imeanza kutajwa kwenye kumbukumbu za watu. Na pale sebuleni kwake kuna meza ambapo jenerali Sir Talbot Moore, mbele ya macho yake na labda kwa ushauri wake, aliandika telegramu ya kuamuru majeshi yasonge. Kalamu ameiweka mpaka leo, anawasimulia wageni. Sisemi ni mtu mmoja. Nasema mwandishi alijua wanawake wa aina hiyo wapo na wengine kalamu walikuwa nayo.

#22 Mwalimu wa Zamu
Muscat umefanya kazi nzuri, lakini hapo umejijibu mwenyewe. Flora Shaw kalamu ilikuwa mkate wake, alikuwa analipwa kwa kuandika. Lady Bruton hajawahi kuhitaji kulipwa na mtu. Na tazama hiyo telegramu: yeye yupo chumbani, labda ndiye aliyeshauri, ila aliyeandika ni jenerali. Kalamu anayoitunza ni kalamu ya mwanaume mwingine. Yani mara mbili katika maisha yake, miaka ya themanini na 1923, jambo kubwa linaandikwa nyumbani kwake na mkono usio wake. Mnaona?

#23 Mpiga Makasia
Duh. Hiyo sikuwa nimeiunganisha.

#24 kidole_juu
Na Lady ni Lady gani? Ni wa kurithi au wa kuolewa?

#25 Mwalimu wa Zamu
Swali zuri. Kwao Lady na jina la kwanza (mfano Lady Millicent) ni binti wa earl kwenda juu. Lady na jina la ukoo ni mke au mjane wa sir au lord, au mara chache mwanamke aliyerithi cheo yeye mwenyewe. Jina lake la kwanza ni Millicent lakini anaitwa Lady Bruton, na mume hatajwi popote. Wanatajwa mababu tu. Na hata kama cheo kingekuwa chake mwenyewe asingekaa bunge la malodi: Lady Rhondda alidai kiti chake akakataliwa 1922, mwaka mmoja kabla. Nancy Astor alishaingia bunge la kawaida 1919, lakini hilo ni la kuchaguliwa.

#26 Ndimu Kali
Basi tuseme wazi, mnataka awe shujaa wa haki za wanawake. Siye. Katibu wake Milly Brush anamfanyia kazi zote, na kitabu hakisemi kama Lady Bruton amewahi kumuuliza la maana. Hugh ndo anamuuliza kila siku habari za kaka yake wa Afrika Kusini, na kaka mwenyewe mambo yake hayajamnyookea, tena yuko Portsmouth, Uingereza hapo hapo!

#27 Nyaraka
Huyo Milly Brush ndo wangu mimi. Anasimama pale anamchukia Hugh kimoyomoyo. Mnajua kinachoniuma? Yupo nyumbani humo asubuhi nzima wakati mama anachana karatasi. Katibu. Kazi yake barua. Na hakuna aliyemwambia Miss Brush hebu kaa hapa tuandike. Wakaagiza mwanaume aje na maua.

Nilifanya hiyo kazi miaka 31 na ninajua barua nzuri kuliko yule bwana wa tai. Siku moja nilithubutu, bosi alipotoka nikaiandika mwenyewe kwa jinsi nilivyomsikia akiongea, maneno yake yale yale ya mdomoni, nikaiweka mezani. Akaisoma. Akasema "hii ndiyo, hii ndiyo nilikuwa nataka". Kisha akasema lakini wakubwa hawataipokea hivi, mwite fulani.

#28 Shangazi Leicester
🙏🏾

#29 Muscat Usiku
Dada Nyaraka hapo nimenyoosha mikono.

#30 Bi Mkubwa wa Kisauni
Na hayo maua msiyapite. Hugh anamletea kaneshoni. Lady Bruton anazishika kama yule jenerali babu yake kwenye picha ukutani alivyoshika hati yake iliyoviringishwa, mkono huo huo mgumu, mpaka Richard anajiuliza huyu ni kilembwe au kitukuu. Kisha barua ikiisha, mama ambaye hana mazoea ya kufanya kitu kwa madaha, anayachomeka maua yote kifuani, ananyoosha mikono, anamwita Hugh Waziri Mkuu wangu! Sisi wa pwani tunaujua mwili wa furaha hiyo. Huko ni kutua mzigo. Mzigo ulikuwa mzito kiasi gani mpaka mtu kama yule akaruka?

#31 kidole_juu
Naondoka kidogo kwenye mada, nimesikia Virginia Woolf alishawahi kujifanya Mhabeshi na kuongea Kiswahili, kweli au porojo?

#32 Chuma cha Reli
Kweli nusu. 7 Februari 1910, yeye na kaka yake Adrian na wenzao walijipaka rangi nyeusi usoni wakabandika ndevu wakajifanya wakuu wa Uhabeshi, wakapokewa kwa heshima zote kwenye manowari HMS Dreadnought kule Weymouth. Adrian ndo alikuwa mkalimani. Walikuwa wametafuta kitabu cha sarufi ya Kiswahili kutoka kwa shirika la wamisionari ili wapate maneno mawili matatu, maana Kihabeshi hawakujua, kwenye treni wakajaribu kukariri, mambo yalipokolea Adrian akayasahau akaanza kutapika mashairi ya Virgil ya Kilatini kayavuruga. Na binamu yao alikuwa ofisa humo humo melini, hakuwatambua.

#33 Mto Yala
Wacha! Lugha yetu ikatumika kwa hiyo upuzi ya kujipaka masizi. Sijui nicheke ama nikasirike.

#34 Mwalimu wa Zamu
Kasirika kwanza. Lakini rudi kwa Lady Bruton: wale maofisa wa Dreadnought waliamini kwa sababu telegramu ilifika kabla, yenye maneno yanayotakiwa kwa namna inayotakiwa. Virginia akiwa na miaka 28 alishaona kwa macho yake kwamba serikali ile inatii umbo la maneno. Miaka 13 baadaye anamweka Hugh na kalamu ya fedha.

#35 Ndimu Kali
Hiyo imekaa vizuri mno mpaka naitilia shaka, Mwalimu. Mtu anaweza kufanya utani wa ujana bila kuuweka kwenye riwaya.

#36 Mwalimu wa Zamu
Inawezekana. Ila na mimi nitashikilia yangu.

#37 Mpiga Makasia
Niirudie ya elimu kidogo, maana Ndimu alinipiga mapema. Woolf mwenyewe hakwenda Cambridge, kaka zake walikwenda. Yeye alisoma vitabu vya baba yake na masomo ya kitengo cha wanawake King's College London kati ya 1897 na 1901. Cambridge digrii kamili kwa wanawake ni 1948! Na tangu 1905 alikuwa anaandika mapitio kwenye jarida la vitabu la The Times hiyo hiyo, bila jina, maana hawakuweka majina. Kwa hiyo aliijua hiyo asubuhi ya kuchana karatasi. Simaanishi Lady Bruton ni yeye, hapana, huyu mama hajasoma hata shairi moja. Ila ule uchungu wa "kwa sababu mimi ni mwanamke" sidhani aliuokota kwa jirani.

#38 Ndimu Kali
Hapo sina la kupinga. Bado nasema hana hoja 😀

#39 Shangazi Leicester
Na mimi nasema upweke. Soma ule uzi wa kitabuni. Wakishaondoka wale wanaume anawahisi bado wameunganishwa naye kwa uzi mwembamba, unanyooka unazidi kuwa mwembamba kadiri wanavyotembea London, kama uzi wa buibui uliolemewa na matone ya mvua, na wakisita kwenye kona ya Conduit Street yeye anauachia unakatika, anakoroma. Mtu anayetaka barua tu hahisi hivyo. Kina mama wangu hapa kazini wageni wakiondoka Jumapili wanafanya hivyo hivyo, macho mlangoni, kisha kidevu kinashuka.

#40 Bi Mkubwa wa Kisauni
Basi na mimi niwaachie changu kabla sijalala. Usiku kwenye karamu Waziri Mkuu wa kweli anakuja, na Lady Bruton anaingia naye kile chumba kidogo wakae wazungumze. Baadaye Clarissa anaingia humo peke yake, ameshasikia habari za kijana aliyejiua, na hakuna mtu. Viti bado vina alama za waliokalia, kimoja kimegeuka kwa adabu kuelekea mwenzake, kingine kimekaa mraba. Kile cha adabu ndicho cha Lady Bruton. Mama aliyeweza kuongoza jeshi, kiti chake kimegeuka kwa adabu. Na ni humo humo, mbele ya viti hivyo, Clarissa anakaa na kifo cha mtu asiyemjua. Sijui kwa nini mwandishi alipachagua pale, ila nikifika hapo huwa naweka kitabu chini.

#41 Chuma cha Reli
Bi Mkubwa sasa na mimi inabidi nikisome tena.

#42 Nyaraka
Swali moja la mwisho kutoka kwangu, kwa mazoea ya kazi. Barua ilitoka? Hugh alisema hawezi kuahidi kwamba mhariri ataichapa, ila atakutana na mtu fulani kwenye chakula. Nimerudia mpaka ukurasa wa mwisho. Kitabu kinaishia usiku huo huo, gazeti la kesho halijafika mlangoni.